Windows 10 imestaafishwa, lakini laptopu yako usiitupe

Kama unatumia laptopu ya mitumba, bila shaka umeshakutana na ule ujumbe. Unawasha mashine, unangoja kidogo, halafu skrini nzima inajaa maneno ya kukuambia kwamba muda wa Windows 10 umekwisha, na kwamba mashine yako haina sifa za kupanda hadi Windows 11. Unabonyeza pale pa kukumbushwa baadaye, unaendelea na mambo yako. Kazi ya mhadhiri inangoja, mteja anangoja, na bando nayo inaisha saa sita usiku.

Leo nakusihi usiupuuze tena. Wala usikimbilie kukopa pesa ununue laptopu mpya. Kati ya kupuuza na kukopa kuna njia zingine, na nyingi ni za bei nafuu au bure kabisa.

Nikuambie mapema, mimi si mhandisi. Chuo niliacha mwaka wa pili na cheti cha kutundika ukutani sina. Ila hizi mashine za "ex-UK" nimezifungua na kuzifunga sana, zangu na za majirani, na ninaona watu wakipoteza hela kwa kuogopa kitu ambacho hawajaelezwa vizuri.

Tuanze na ukweli wenyewe. Windows 10 ilitoka Julai 2015. Microsoft ilisitisha rasmi kuihudumia Oktoba 14, 2025. Kusitisha hakumaanishi mashine itazima. Itawaka kama kawaida, utaandika, utatazama filamu, utafanya kila kitu. Kinachokatika ni vile viraka vya usalama vinavyotumwa kila mwezi kuziba mashimo ambayo wezi wa mitandaoni wameyagundua.

Unaweza kusema, "Mimi nina nini cha kuibiwa?" Buda, uko na mengi. Kwenye hiyo laptopu kuna nywila ya barua pepe yako. Mwenye barua pepe yako anaweza kubadilisha nywila za akaunti zako zingine, iwe eCitizen, iTax, HELB au ule mtandao unaokulipa kwa kuandika makala. Na kama unafanya kazi za wateja, faili zao ziko humo pia.

Kumbuka yaliyotokea mwaka wa 2017. Mwezi Machi, Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba shimo fulani kwenye Windows. Wengi hawakukiweka. Mei 12, kirusi kilichoitwa WannaCry kikapita katika shimo hilohilo. Kilifunga faili za watu na kudai dola 300 kwa Bitcoin ili wafunguliwe. Kwa siku chache tu kilikuwa kimefika nchi zaidi ya 150. Kule Uingereza hospitali za umma ziliahirisha matibabu kwa sababu tarakilishi zilikuwa zimefungwa. Na hapo kiraka kilikuwa kimekuwepo miezi miwili nzima! Sasa fikiria mashine ambayo haitumiwi kiraka chochote.

Kwa nini basi laptopu nzuri inakataliwa na Windows 11? Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, Microsoft iliweka masharti makali. Lazima mashine iwe na kumbukumbu ya GB 4 au zaidi, iwe na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, na prosesa iwe katika orodha yao. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo huanzia kizazi cha 8, zile zilizoanza kutoka mwaka wa 2017. Hapo ndipo mashine nyingi za mitumba huangukia. TPM pengine iko, kumbukumbu iko, lakini prosesa ni ya kizazi cha 6.

Hii inatuleta kwa swali ambalo ningetaka kila anayekwenda kununua laptopu Moi Avenue au Luthuli aulize. Wengi huuliza, "Hii ni Core i5?" Muuzaji anaitikia ndiyo, na kweli hajakudanganya. Lakini hilo halikusaidii. Uliza ni kizazi gani. Core i7 ya kizazi cha 4 haipokelewi na Windows 11, ilhali Core i3 ya kizazi cha 8 inapokelewa.

Kujua kizazi ni rahisi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha utafute mstari wa prosesa. Ukiona i5-6300U, ile 6 ya kwanza ndiyo kizazi. Ukiona i5-8350U, hiyo ni ya 8. Nambari ikianza na 10, 11 au 12, basi ni kizazi cha 10, 11 au 12. Ukiwa dukani, usikubali kuonyeshwa stika iliyobandikwa karibu na kibodi. Stika hubandikwa na yeyote. Omba mashine iwashwe, uangalie mwenyewe.

Kwa zile zinazopendwa sana hapa kwetu: HP EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6, kwa hivyo imefungiwa nje. G5 nyingi ni kizazi cha 8, hizo zimo. Upande wa Lenovo, ThinkPad T460 iko nje, T480 nyingi ziko ndani. Kwa macho zinafanana sana, na muuzaji mjanja anaweza kukutoza bei ya kaka mdogo kwa mashine ya kaka mkubwa. Maoni yangu ni kwamba hizi za kizazi cha 6 bado ni mashine poa, ila zisiuzwe kwa bei ya zamani. Ukiambiwa bei, taja Windows 11, halafu anza kushusha.

Haya, wewe ambaye tayari unayo ya kizazi cha 6 utafanyaje?

Njia ya kwanza ni kununua muda. Microsoft imetoa mpango wa mwaka mmoja wa ziada wa viraka kwa watumiaji wa kawaida wa Windows 10, hadi Oktoba 13, 2026. Ukikubali kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio ya mashine yako kwao, hulipi kitu. Usipotaka, ni dola 30. Mashine iwe na toleo la 22H2. Kujua toleo lako, bonyeza Windows na R tena, andika winver. Kisha nenda kwenye mipangilio, upande wa masasisho, utafute mahali pa kujisajili. Kama uko katikati ya mradi wa mwisho wa chuo na hutaki kuvuruga kitu, chukua njia hii. Lakini ujue umeahirisha tu, hujamaliza.

Njia ya pili ndiyo ninayoipigia debe. Ni Linux.

Najua unafikiria wale jamaa wa filamu wanaoandika herufi za kijani kwenye skrini nyeusi. Hiyo ni picha ya zamani. Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu huko Finland. Hiyo simu ya Android iliyo mfukoni mwako inaendeshwa na kiini cha Linux, na hujawahi kuandika herufi yoyote ya kijani. Mojawapo ya matoleo yake maarufu, Ubuntu, lilianzishwa mwaka wa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Hata jina halihitaji mkalimani kwetu, maana ubuntu na utu ni ndugu wa baba mmoja.

Kwa anayetoka Windows, mimi humwanzisha na Linux Mint. Ina kitufe cha menyu pembeni chini kushoto, kama ulivyozoea. Huja na Firefox na LibreOffice, ambayo hufungua na kuhifadhi faili za Word na Excel. Ni bure kabisa, na toleo la Mint 22 litatumiwa viraka hadi 2029. Inaomba kumbukumbu ya GB 2 tu, ingawa kwa raha zako uwe na GB 4.

Uzuri ni kwamba unaweza kuionja kabla ya kuiweka. Pakua faili lake, ni kama GB 3, kwa hivyo tumia Wi-Fi ya mtu au nenda saiba. Liandike kwenye fleshi ya GB 8 ukitumia programu ya bure kama Rufus. Zima laptopu, chomeka fleshi, washa huku ukibonyeza F9 kwa HP au F12 kwa Dell na Lenovo, kisha chagua fleshi. Mint itafunguka ikitokea kwenye fleshi bila kugusa chochote ndani ya mashine. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na kibodi. Vikifanya kazi vyote, uko sawa. Visipofanya, zima, toa fleshi, Windows yako iko palepale.

Ukiamua kuiweka kabisa, kwanza nakili kazi zako zote mahali pengine. Tafadhali rudia hiyo sentensi kwa sauti. Kuna mahali wakati wa kuweka ambapo utaulizwa kama unataka kufuta diski yote, na ukikubali, Windows na kila kilichokuwa humo kinaondoka.

Sasa niseme upande wa pili, kwa sababu wapenzi wengine wa Linux huwa hawasemi. Photoshop haiji Linux. AutoCAD pia. Kama unasomea usanifu wa majengo au unaishi kwa kuchora mabango, usihamie kabla ya kupata mbadala unaoumudu. Baadhi ya michezo ya mitandaoni inakataa katakata, Valorant ikiwemo. Na faili la Word lenye mapambo mengi linaweza kufunguka LibreOffice likiwa limesogea hapa na pale, kwa hivyo wasifu wako wa kazi utume kama PDF. Lakini kama maisha yako ni kivinjari, kuandika, barua pepe, muziki na filamu, hutakosa kitu.

Njia ya tatu ni kuibadilisha mashine. Ukiwa na pesa na kazi yako inakudai Windows, hakuna aibu. Nunua kizazi cha 8 kwenda juu. Lakini tenganisha mambo mawili: mashine iliyokosa viraka na mashine iliyo polepole. Laptopu nyingi ambazo watu huziita mzee zina diski ya zamani ile ya kuzunguka. Itoe, weka SSD, na kumbukumbu ipande kutoka GB 4 hadi 8 kama kuna nafasi. Mashine ambayo ilikuwa inakuruhusu kupika chai ikiwaka itakuwa tayari kabla hujashika sufuria.

Kuna njia ya nne ambayo utaambiwa mtaani, na hii ndiyo inanipa wasiwasi. Fundi atakuahidi kukuwekea Windows 11 hata kama mashine imekataliwa. Inawezekana, masharti yanaweza kurukwa. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine za namna hiyo hazina uhakika wa kupata masasisho. Maana yake unaweza kujikuta palepale ulipokuwa, na sura mpya tu.

Mbaya zaidi ni ile Windows ya magendo inayofunguliwa kwa kiprogramu cha bure. Umeona wanavyofanya? Kitu cha kwanza wanakuambia ni, "Zima antivirusi kwanza." Hebu jiulize. Mgeni akija kwako akakwambia umfungie mbwa ndani kabla hajaingia, utamkaribisha? Programu hizo zimekuwa mlango unaopendwa wa virusi vinavyoiba nywila. Unaokoa pesa za leseni, unampa mtu usiyemjua ufunguo wa akaunti inayokulipa. Kama tatizo ni bei ya leseni, Linux ni bure na haikuombi uzime chochote.

Kinachoniudhi katika hili lote ni kwamba mashine hizi hazijaharibika. Kampuni kubwa imeandika orodha, na vyuma vizima vinageuka takataka kwa sababu havimo. Ofisi za Ulaya zikibadilisha zao, za zamani zinashuka huku, na sisi tukizitupa mwisho wake ni dampo, na risasi na sumu zingine zilizomo zinabaki na watoto wanaookota vyuma. Kila laptopu unayoiongezea miaka minne ni moja ambayo haijafika huko bado.

Kwa hivyo wikendi hii fanya mambo matatu tu. Angalia prosesa yako ni kizazi gani. Nakili kazi zako kwenye fleshi au hifadhi ya mtandaoni. Halafu kama uko Windows 10 na hujaamua, jisajili kwa ule mwaka wa ziada ili upumue. Linux unaweza kuijaribu polepole ukiwa umetulia, na ukimaliza, hiyo fleshi usiifute. Mpe jirani, naye pia ameshaona ule ujumbe.