Kabla ya Kununua Land Rover Kuukuu ya Kukarabati

Land Rover za kwanza zilitoka kiwandani Uingereza mwaka 1948, na nyingi za miaka iliyofuata zingali zikitumika Afrika Mashariki. Mnunuzi anayetafuta moja ili aikarabati mwenyewe nyumbani, tunamshauri asivutwe na bodi. Aanze na chasisi.

Sehemu kubwa ya bodi ni ya alumini, isiyoshika kutu kama chuma. Chasisi ni ya chuma, nayo huliwa na kutu kuanzia ndani, panapotuama maji na matope. Hivyo gari lenye rangi ya kupendeza laweza kuwa limeoza chini. Likiwa limesimama mahali tambarare, injini imezimwa, igonge chasisi kwa nyundo ndogo toka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti hafifu, au hutoboka. Muuzaji akikataa ukaguzi huo, usitoe fedha.

Linganisha pia namba ya chasisi na ile iliyo katika kadi ya usajili. Zikihitilafiana, huenda ukakarabati mali ya mtu mwingine. Malipo yafanyike kwa mkataba wa maandishi.

Kazi ikianza, usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee; liegemeze juu ya stendi imara. Usipulize vumbi la breki za zamani, kwani laweza kuwa na asbesto, inayosababisha saratani. Breki na usukani vikaguliwe na fundi stadi kabla gari halijarudi barabarani.