Seremala wa Miezi Sita

Vita vya Sierra Leone, vilivyoanza Machi 1991, vilipotangazwa kwisha Januari 2002, nchi ilibaki na watu zaidi ya 70,000 waliokwisha kusalimisha silaha, na wengi wao walikuwa vijana ambao tangu kubaleghe hawakujua amali nyingine ila ya bunduki. Serikali na wafadhili wakaona, wala hawakukosea, kwamba asiye na riziki ya halali huwa mwepesi wa kurejea msituni. Basi wakafungua mafunzo ya useremala, uashi, ushoni, kutia vitambaa rangi na kupika sabuni, na mwisho wa masomo mwanafunzi akapewa vifaa vya kazi yake.

Na tumtazame huyo seremala mpya, mwenye msumeno, randa, patasi na nyundo. Amesoma kwa miezi tu, ilhali kwetu pwani mwanafunzi wa seremala hufagia maranda mwaka mzima kabla hajaaminiwa kutia bawaba mlangoni. Kisha anarudi kijiji kilichoteketezwa, kwa watu wasio na senti ya kununulia kigoda, na huko anawakuta wenzake waliohitimu pamoja naye, nao wamekaa vivyo hivyo wakingoja mteja. Si ajabu, basi, kwamba vifaa vingi viliishia kuuzwa, na mwenye njaa akaila randa yake.

Riziki ikatokea upande usiotazamiwa. Magari yalikuwa yamechomwa au yamechakaa, barabara zimeharibika, na wachuuzi wa Bo, Kenema na Makeni hawakuwa na budi kufika sokoni. Vijana wakashika pikipiki, ambazo huko huitwa okada, jina lililotoka katika shirika moja la ndege la Nigeria, wakabeba abiria. Msomaji wa Dar es Salaam hana haja ya kuelezwa utaratibu wenyewe: chombo ni cha tajiri, dereva hupeleka hesabu, na kinachozidi ndicho chake. Lililo geni ni kwamba katika vyama vya madereva hao waliketi pamoja waliokuwa waasi wa RUF na waliokuwa wanamgambo wa Kamajor, watu waliowindana porini si zamani, sasa wakiteteana mbele ya polisi. Hakuna mwalimu aliyewafundisha suluhu hiyo. Waliunganishwa na abiria.

Wanawake hawakuwa na bahati hiyo. Wengi waliotekwa wakapikishwa na kubebeshwa mizigo ya wapiganaji hawakuwa na silaha ya kukabidhi, na bila silaha mlango wa mafunzo ulikuwa mgumu kufunguka. Dhuluma hiyo, kwa maoni yangu, ilikuwa doa kubwa kuliko randa zote zilizouzwa.

Kwa jirani yao Liberia, mnamo 2009, jambo hili la mafunzo lilipimwa kwa makini zaidi. Wapiganaji wa zamani waliokuwa wakijipatia chakula kwa uchimbaji wa magendo na mambo ya namna hiyo waliteuliwa kwa kura, wengine wakafunzwa kilimo kwa miezi kadhaa na kuahidiwa mbegu na zana kwa mafungu mawili, wengine wakaachwa kama walivyo. Waliofunzwa wakalima zaidi, na saa walizotumia katika shughuli za haramu zikapungua kwa kiasi cha asilimia 20. Hawakuziacha kabisa, kwa maana mtu hafungi mlango mmoja wa riziki kwa kufunguliwa mwingine.

Ikatokea hitilafu ya ugavi, na karibu theluthi moja yao hawakulipata fungu la pili, wakaambiwa wangoje, watapewa fedha. Wakati huohuo, 2011, vita vikawaka ng'ambo ya mpaka, Cote d'Ivoire, na watafutaji wa askari wa kukodiwa wakapita wakiwanong'oneza wenye uzoefu. Walioonekana kutowasikiliza zaidi kuliko wenzao wote ni hao ambao fungu lao lilikuwa bado halijafika.