Kangaga-mti: Litambue na ulikuze kivulini

KATIKA mabonde yenye unyevu ya misitu ya Mlima Kenya na Aberdare humea kangaga-mti, ambalo wataalamu huliita Cyathea manniana. Shina lake husimama wima, mabua ya majani yana miba, na jani changa hujikunja mithili ya konga la konokono.

Halitoi maua wala mbegu. Huzaana kwa chembe kama vumbi, zilizo katika vidoa vya mviringo chini ya jani. Usilichanganye na kangaga la malishoni, ambalo ni sumu kwa ng’ombe: hilo halina shina la kusimama, na chembe zake hufuata ukingo wa jani.

Wanaolikata shina huliharibu, kwa kuwa majani mapya huchipuka kileleni. Isitoshe, kulitoa katika msitu wa umma bila kibali ni kosa kisheria.

Badala yake, kung’utia chembe kwenye karatasi, uzimwage juu ya udongo laini uliokwisha kuchemshwa ukapoa, kisha ufunike chombo kwa plastiki angavu na kukiweka kivulini. Utando wa kijani utatangulia. Usiuache ukauke, kwani mbegu ya kiume huogelea majini kulifikia yai. Miche ikikomaa, ihamishie chini ya mti, penye mboji na unyevu. Subira yahitajika: kazi hii ni ya miezi mingi.