Maziwa Hayasafishi Hewa ya Shimoni

Kila Juni, nikiwakumbuka waliokufa migodini, hapa Mabibo sikosi kuulizwa: "Mtaalamu, kwani hawakupewa maziwa?" Safari hii aliyeuliza ni fundi rangi wa gereji, pakiti ya maziwa mkononi, barakoa ya kitambaa inaning'inia kidevuni. Upole umeniishia.

Tarehe 6 Juni 1972, mlipuko katika mgodi wa makaa ya mawe wa Wankie, katika Zimbabwe ya leo, uliua watu zaidi ya 420. Miili ya wengi wao haijatolewa hadi leo. Juni 2002, wanaapolo, yaani wachimbaji, zaidi ya 30 walikufa Mererani kwa kukosa hewa shimoni. Maziwa yangemwokoa nani?

Maziwa yanakwenda tumboni. Kaboni monoksaidi, gesi inayotanda mgodini baada ya mlipuko, inapitia mapafuni, inaingia kwenye damu na kuing'ang'ania himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, magoti yanalegea, mtu anakaa apumzike kidogo, hainuki. Hata awe amekunywa lita nzima, damu haina habari. "Lakini yanaosha kifua." Kifua kipi? Maziwa yakipita njia ya hewa utapaliwa, hutaoshwa. Na tajiri wa gereji anayegawa pakiti badala ya feni na barakoa yenye vichujio vya kemikali hajawahurumia vijana wake. Amepiga hesabu, akaona maziwa ni rahisi.

Msidhani haya ni ya migodini tu. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linatoa gesi hiyo hiyo. Vyura, yaani watu wanaoshuka kutapisha vyoo, wanakutana na nyingine, inayonuka yai viza, na ikizidi pua haiisikii tena. Anaanguka wa kwanza, anamfuata wa pili kumwokoa, halafu wa tatu.

Haya, ya kufanya. Jiko lilale nje. Usishuke shimoni bila kipimo cha gesi, hewa inayopulizwa hadi chini, mkanda, kamba na watu juu wa kukuvuta. Mshumaa si kipimo: kaboni monoksaidi ya kuua mtu haiuzimi. Mwenzako akianguka humo, usimfuate, piga 114 uwaite Zimamoto. Wa chumbani, fungua mlango, mtoe nje, mkimbize hospitali akapewe oksijeni, hata akidai amepata nafuu. Maziwa atakunywa akirudi, na chai.