Piza yagawanya wakazi New Haven

WAPENZI wa chakula cha Kiitaliano mjini New Haven, Marekani, kwa miongo mingi wamegawanyika kati ya migahawa miwili iliyo katika mtaa mmoja wa Wooster, yenye asili ya ukoo mmoja.

Frank Pepe, mhamiaji kutoka Italia, alifungua wake mwaka 1925. Mwaka 1938 mpwa wake, Salvatore Consiglio, akaanzisha Sally's, mwendo mfupi kutoka kwa mjomba.

Wote hutumia tanuri la makaa ya mawe, ambalo joto lake kali huacha madoa meusi ukingoni. Mgeni hudhani piza imeungua. Pepe husifika kwa piza nyeupe ya kombe na kitunguu saumu, Sally's kwa mchuzi wa nyanya.

Mwaka 2017 familia ya Consiglio iliuza Sally's. Tanuri la zamani, hata hivyo, halikung'olewa.