Abaya 20, faida iko wapi?

Umenunua abaya 20 Muscat kwa riali 8 kila moja, dada anaziuza Dar kwa bei ya riali 12. (Shilingi zote geuza ziwe riali, maana ndizo ulizotolea jasho.) Usishangilie faida ya 80 bado. Jumlisha: mzigo 160, kago 24, ushuru na bodaboda 16. Mtaji ni 200, kwa hiyo kila abaya imekugharimu 10, siyo 8. Zikiuzika zote zinaingia 240. Faida 40, yaani asilimia 20 ya mtaji. Watu wakikopa mbili wasilipe, zinaingia 216, faida 16 tu. Wakikopa nne, 192: hasara ya 8, na dada mwenyewe hujamlipa. Kabla hujasema amekula hela, mwambie afungue daftari la madeni mhesabu pamoja kwenye simu.