Adui wa Handakini Asiyebeba Bunduki

Katika kilima cha Mbuya, Kampala, kambi ya jeshi na hospitali ya jeshi ni majirani. Ujirani huo una maana yake, kwani katika vita vya mahandaki maradhi huangusha watu wengi hata kabla risasi haijalia.

Askari wa handakini hulala penye unyevu, hula chakula kile kile, na hukesha akisikiliza giza. Huko Ufaransa, katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, miguu iliyokaa majini siku nyingi ilikufa ganzi, ikavimba na kuoza. Kinga yake ilikuwa soksi kavu, na afisa aliyekagua miguu ya watu wake.

Mwaka 1944 askari wa KAR kutoka Uganda, wakiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliteremka bonde la Kabaw, Burma, katika mvua kubwa na matope. Mwaka uliotangulia, katika medani hiyo, kwa kila majeruhi mmoja aliyeondolewa vitani waliondolewa wagonjwa 120. Malaria iliwamaliza. Jenerali Slim akaamuru askari wapimwe kwa ghafula, ijulikane kama wamemeza vidonge vyao. Mkuu wa kikosi ambacho waliomeza hawakufika 95 kwa mia alifukuzwa. Walifukuzwa watatu tu, wengine wakaelewa.

Si mambo ya wazee peke yao. Majeshi ya Uganda yaliingia Mogadishu Machi 2007, katika kikosi cha Umoja wa Afrika, na vita vya huko vilikuwa vya mahandaki na viroba vya mchanga. Kati ya Aprili 2009 na Mei 2010, askari wa kikosi hicho wasiopungua 241 walivimba miguu, na wasiopungua wanne wakafa. Haikuwa sumu ya adui. Ilikuwa beriberi, maradhi ya kukosa vitamini B1, ambayo hupungua sana katika mchele uliokobolewa na hupatikana katika maharage. Waliopewa vitamini hiyo walipona.

Ndugu askari na polisi, koplo anayekagua soksi na vidonge, na mpishi anayedai maharage, wasionekane wasumbufu. Hao nao wanapigana. Na kamanda asiyejua watu wake wamekula nini jana, hajui atakuwa na bunduki ngapi kesho.